Kwenda kufanya pua Istanbul: mpate daktari kwanza, tiketi baadaye

Nilituma picha tatu za pua yangu wasap saa nne usiku, dalali wa safari za upasuaji wa urembo Istanbul akanijibu ndani ya dakika nne. Bei, tarehe, jina la hoteli, gari la kunipokea eapoti, mpaka kifungua kinywa kimeandikwa. Kitu kimoja tu hakikuwepo, jina la daktari. Nilipouliza akasema "tuna timu nzuri sana dada, usiwe na wasiwasi, lipia dipoziti tukushikilie tarehe". Nikaacha kujibu. Kutoka siku ile mpaka nilipolala kwenye meza ya upasuaji ilipita miezi saba, na huo mwongozo hapa chini ndo vitu nilivyojifunza ndani ya hiyo miezi saba, plus vile nilivyojifunza kwa kuchelewa.

Sitakuambia ufanye au usifanye. Pua ni yako. Ila kama umeshaamua basi fuata mpangilio huu, na usiruke hatua ya 3 hata kama umechoka kusoma.

Hatua ya 1: ijue pua yako kabla hujamwonyesha mtu

Kwanza acha kuiangalia kwenye selfi. Kuna utafiti wa Marekani wa 2018 ulipiga hesabu kwamba selfi ya karibu, simu ikiwa kama sentimita 30 kutoka usoni, inaifanya pua ionekane pana kwa takriban asilimia 30 zaidi ya ilivyo. Kwaiyo kuna watu wanataka kupasuliwa kwa ajili ya kamera. Mpe mtu simu asimame mbali kama mita moja na nusu, wewe simama karibu na dirisha mchana, ukuta mweupe nyuma, bila filta, bila meki, nywele zimebanwa. Piga ya mbele, upande wa kulia, upande wa kushoto, nusu upande zote mbili, halafu inua kidevu upigwe kutokea chini matundu yaonekane. Piga na moja ukicheka, maana kuna pua zinashuka mtu akicheka na daktari anataka kuona hilo. Hizo picha zitunze, utazitumia mwaka mzima.

Sasa sehemu zenyewe. Kuna mgongo wa pua (ule mfupa na gegedu, yaani kile kigumu kinachopindika kama cha sikioni, unaoshuka kutoka katikati ya macho), kuna ncha, kuna mbawa za pembeni, na ndani kuna ukuta unaotenganisha matundu mawili. Ukisema tu "nataka pua ndogo" hujasema kitu. Unataka mgongo uinuke? Ncha isimame? Mbawa zipungue? Na je unapumua vizuri usiku au tundu moja limeziba tangu utoto? Kama ukuta wa ndani umepinda unaweza kunyooshwa kwenye upasuaji huohuo, na mara nyingi gegedu la pale ndo linatumika kujengea ncha.

Halafu kuna ngozi, na hapa naomba unisikilize vizuri. Wengi wetu tuna ngozi nene puani, ina mafuta, na gegedu la ncha chini yake ni laini. Fikiria kitanda kilichotandikwa blanketi zito. Fundi anaweza kuchonga ile mbao mpaka basi, juu ya blanketi kona hazionekani. Mwenye ngozi nyembamba yeye katandika shuka, kila alichochonga fundi kinaonekana. Ndo maana kwa pua nyingi za kwetu daktari mzuri haondoi sana, anaongeza. Anaweka nguzo za gegedu ndani ili ziisukume ile ngozi kutoka chini. Ukipata mtu anayekuambia atapunguza tu, atapunguza, atapunguza, utarudi na pua iliyokosa umbo na bado pana, na pengine hupumui.

Hatua ya 2: nchi

Hii nitapita haraka kwa sababu watu wanapoteza muda mwingi hapa. Istanbul imejaa kwa sababu Turkish Airlines inakufikisha bila kubadilisha ndege kutoka Dar, Zanzibar, Nairobi au Entebbe, ni kama masaa saba hivi mpaka nane, na madaktari wa pua wako wengi mno, burun estetiği, yaani upasuaji wa urembo wa pua, kule ni kitu cha kawaida kama kusuka. Tehran nako wanafanya pua nyingi sana. Seoul wana mtaa mzima wa Gangnam wa kliniki za urembo, ila wao kwa muda mrefu wamezoea kuinua mgongo kwa silikoni, na silikoni puani inaweza kusogea au kutokeza kwenye ngozi hata baada ya miaka, mi sikutaka. Kulikuwa pia na kashfa Korea za daktari mwenye jina kuongea na mgonjwa halafu mgonjwa akilala anaingia mwingine kabisa, mpaka sheria ya kuweka kamera vyumba vya upasuaji ikaanza kutumika Septemba 2023. India wapo wazuri na sisi Watanzania tumezoea kwenda kutibiwa kule.

Na nyumbani je? Usicheke. Nairobi kuna madaktari bingwa wa upasuaji rekebishi, Muhimbili Mloganzila nao wameanza huduma za urembo, na mabingwa wa masikio, pua na koo tunao. Nenda kamuone mmoja kabla ya kuvuka bahari, hata kama hatakupasua. Utamlipa hela ya kumuona tu na atakuchungulia ndani ya pua kwa taa, kitu ambacho picha ya wasap haiwezi. Pia huyohuyo unamuhitaji baadaye, nitaeleza.

Viza usimuachie dalali. Ya Uturuki unaangalia wewe mwenyewe kwenye evisa.gov.tr kama pasipoti yako na viza ulizonazo zinakuruhusu kupata ya mtandaoni, kama hazikuruhusu unaenda ubalozini na barua ya hospitali. Tovuti feki zinazofanana na hiyo zipo kibao.

Hatua ya 3: kumchagua daktari

Hapa ndo kwenyewe. Kaa.

Pua Uturuki wanafanya mabingwa wa aina mbili: wa upasuaji wa plastiki (wao wanaandika Plastik, Rekonstrüktif ve Estetik Cerrahi) na wa masikio, pua na koo (wanaandika Kulak Burun Boğaz, au KBB kwa kifupi). Wote wawili wanaweza kuwa wazuri. Ambaye simtaki ni yule mwenye maneno "medikal estetik" peke yake, huyo ni wa sindano za botoksi na fila (jeli ya kujazia), sio wa kisu. Kwenye jina utaona Op. Dr., maana yake ni bingwa wa upasuaji, Doç. Dr. na Prof. Dr. ni vyeo vya chuo kikuu. Profesa haimaanishi mkono mzuri zaidi wa pua, inamaanisha kafundisha na kaandika. Ukiona FEBOPRAS baada ya jina ni kwamba alifaulu mtihani wa bodi ya Ulaya ya upasuaji wa plastiki. Chama cha kimataifa cha madaktari wa upasuaji wa plastiki wa urembo ni ISAPS, kina ukurasa wa kutafutia wanachama, weka jina uone.

Baada ya hapo hospitali. Uturuki tangu 2017 ina kanuni kwamba hospitali au kliniki inayopokea wagonjwa wa nje kama sisi lazima iwe na kibali cha utalii wa tiba kutoka Wizara ya Afya, na dalali naye lazima awe na cha kwake. Ndio, dalali naye. Muombe namba. Yule wangu wa dakika nne nilipomuomba aliniambia "tunafanya kazi chini ya hospitali". Haya. Halafu uliza kama pale utakapolazwa kuna wodi ya uangalizi maalum, ICU, ndani ya jengo hilohilo. Pua ni upasuaji wa masaa mawili mpaka manne chini ya nusu kaputi, mara chache mambo yanaharibika, ila yakiharibika sitaki niwe ghorofa ya tatu ya jengo la ofisi huku watu wanaita gari la wagonjwa kwenye foleni ya Istanbul. Foleni yao ni kama yetu tu.

Sasa picha za kabla na baada. Hizi ndo zinatupoteza. Daktari wa Istanbul anaweza kukuonyesha pua elfu moja nzuri, na zote elfu ni za aina moja: mgongo wenye nundu, ngozi ya kati au nyembamba, nundu imesawazishwa, ncha imeinuliwa kidogo. Mkono wake ni mzuri kweli, lakini hizo elfu hazisemi chochote kuhusu pua yangu mimi ambayo haina nundu, mgongo wake uko chini na ngozi yake ni blanketi. Nilichokuwa naomba ni hiki, na wewe omba hivihivi: nionyeshe watu kumi wenye ngozi nyeusi na pua pana, picha za mwaka mmoja baada ya upasuaji, mbele na upande na kutokea chini. Kati ya madaktari kumi na mmoja niliowaandikia, watatu tu walikuwa nazo. Mmoja alinitumia mbili. Wengine wananitumia zilezile za nundu.

Ujanja mdogo: tafuta kwa Kituruki. Andika "kalın derili burun", yaani pua ya ngozi nene, au "etnik rinoplasti", yaani kufanya pua kwa watu wa asili nyingine kama sisi. Matokeo yanakuwa tofauti kabisa na yale ukitafuta kwa Kiingereza, kwa sababu ya Kiingereza mengi ni matangazo ya kutuvutia sisi wageni, ya Kituruki unakuta Waturuki wenyewe wanalalamika au wanasifia, simu inakutafsiria.

Kuwa makini na hizi: picha ya mezani, pua imetoka tu kushonwa, mtu bado kalala, hapo inaonekana imechongoka kama penseli na haitabaki hivyo. Picha ya baada ambayo mwanga umebadilika au kidevu kimeshushwa. Picha ya kabla mtu kanuna, baada anatabasamu na kapakwa kontua. Na wale wote ambao "baada" ni siku ya saba au mwezi mmoja. Uvimbe wa pua unachukua mwaka kuisha, wenye ngozi nene zaidi ya mwaka, sasa picha ya mwezi mmoja ni ya uvimbe, sio ya pua.

Hatua ya 4: vidiokoli na maswali

Usikubali kuishia kwa mtu wa mauzo. Daktari mwenyewe, kwa vidiokoli, hata dakika kumi na tano. Kama hana dakika kumi na tano kabla hujalipa, atazipata wapi ukishalipa.

Andika maswali kwenye karatasi maana utasahau, mi nilisahau mawili nikarudi kuyauliza kwa aibu. Nani atakayekata, wewe mwanzo mpaka mwisho, au msaidizi? Hilo likaandikwe kwenye mkataba. Siku hiyo una wagonjwa wangapi? (Akisema sita, mi naondoka.) Nani daktari wa usingizi? Utafungua kwa nje, yaani kakovu kadogo pale chini kati ya matundu mawili, au kwa ndani tu? Utatumia gegedu la wapi?

Hilo la mwisho ni zito kwetu. Gegedu linatoka sehemu tatu: ukuta wa ndani ya pua, sikio, au ubavu. Kwa pua zetu la ukutani mara nyingi halitoshi kuinua mgongo, kwaiyo wanakwenda sikioni au ubavuni. Sasa sikio na kifua ndo sehemu ambazo kovu linapenda kuvimba likawa keloidi, na sisi watu weusi tunapata keloidi zaidi. Kama ulitoboa masikio likatokea lile gololi, au mama yako au ndugu zako wanazo, sema. Sema hata kama hajauliza. Mimi nina moja ndogo begani ya chanjo, nikaionyesha kwenye kamera, daktari akanyamaza kidogo akaandika kitu. Yule aliyesema "hakuna tatizo dada" bila kuangalia ndo nilimfuta kwenye listi. Kupunguza mbawa nako kunaacha kovu pale mbawa inapokutana na shavu, kwa kawaida linajificha kwenye mkunjo, ila omba uone picha za karibu za hilo kovu kwenye ngozi nyeusi.

Uliza na hili: ikitakiwa kurudiwa inakuwaje? Pua inarudiwa zaidi ya watu wanavyodhani, hata kwa mabingwa, na kwa kawaida wanasubiri mwaka upite kwanza. Daktari analipisha? Hospitali na usingizi je? Tiketi ni yako hiyo, lazima. Jibu la wangu lilikuwa kwamba yeye hatachukua hela yake lakini hospitali nalipa. Sawa, angalau najua.

Na swali langu nililolipenda: kwenye hizi picha za pua ninazozitaka, ni kitu gani huwezi kunifanyia? Nilimtumia picha ya mwigizaji mmoja, pua nyembamba kama ya paka. Akacheka, akamwambia mkalimani, "Hii siwezi. Ngozi yako haitakaa juu yake. Naweza kuinua mgongo milimita kadhaa na kuipa ncha umbo, mbawa nitapunguza kidogo sana, na ndugu zako bado watakujua." Nilikasirika siku mbili. Halafu nikagundua kati ya wote ni yeye peke yake aliyenikatalia kitu, wengine wote wananiambia yes, yes, my dear.

Wengine watakutengenezea picha ya kompyuta ya pua mpya. Nzuri kwa kuelewana, mnaonyeshana kwa kidole. Ila kompyuta haina ngozi wala haivimbi.

Hatua ya 5: hela

Mimi nililipa dola 4,200 kwa daktari, hospitali usiku mmoja na usingizi. Hoteli na tiketi nikalipa mwenyewe nje ya paketi kwa makusudi, sababu nilitaka uhuru wa kubaki siku zaidi bila kumuomba mtu. Ofa za nusu ya hapo zipo, na wenye majina makubwa wanadai mara mbili. Tofauti mara nyingi iko kwa nani anakata na wapi unalala, basi uliza hiyo ya bei rahisi imepunguza nini.

Kabla ya dipoziti upate kwa maandishi: jina la daktari, jina la hospitali, kitu atakachofanya, kilichomo na kisichomo (vipimo, gegedu la ubavu, dawa, usiku wa ziada), na dipoziti inarudi lini na hairudi lini. Lipa kwenye akaunti yenye jina la hospitali au kliniki. Ukiambiwa tuma kwa jina la mtu, Western Union sijui, hapana. Na tenga hela nyingine usiyoigusa, ya kubadilisha tiketi na ya dharura ukirudi, kwa sababu bima ya afya haigusi upasuaji wa urembo na bima nyingi za safari hazilipi matatizo ya upasuaji uliouendea mwenyewe. Kama ukitoa hiyo akiba huwezi kulipia upasuaji, basi hela haijatosha bado.

Hatua ya 6: maandalizi nyumbani, wiki nne mpaka sita kabla

Vipimo fanya huku kwanza, damu kamili, kuganda kwa damu, HIV, homa ya ini, ujauzito, na moyo kama wametaka. Ongeza mwenyewe kipimo cha sikoseli, hata kama wao hawajakitaja, maana kule sio kitu wanachokifikiria kwa kila mgonjwa kama huku, na daktari wa usingizi anatakiwa kujua.

Sigara na shisha acha kabisa, angalau wiki nne kabla na nne baada, ngozi ya pua inategemea mishipa midogomidogo ya damu na moshi unaibana. Shisha ni moshi, usijidanganye na ladha ya tofaa. Aspirini, diclofenac, ibuprofen, vitamini E, mafuta ya samaki, vidonge vya kitunguu swaumu, vyote vinaweza kuongeza damu kutoka, waambie na wakuambie uache lini, kawaida ni wiki mbili. Kama unakunywa dawa ya presha usiiache kwa kujiamulia. Dawa za mitishamba nazo zitaje, zote.

Mkorogo. Najua hutaki kusema, sema. Nyingi zina steroidi kali, ngozi inakuwa nyembamba kwa namna mbaya na kidonda kinachelewa kupona.

Kusuka: usiende na rasta nene zilizofungwa fundo kisogoni, utalala chali kichwa kimeinuliwa siku nyingi na lile fundo litakuua. Twende kilioni za chinichini ndo dawa. Kucha za bandia toa, kile kifaa cha kusoma oksijeni kinabanwa kidoleni. Begi: mashati ya vifungo au dera la shingo pana sana, kitu kisichopita usoni kwa shida.

Hatua ya 7: ukiwa kule

Fika siku mbili kabla na uende na mtu. Mimi nilienda na dada yangu, tukagombana siku ya nne, lakini bila yeye nisingeweza hata kwenda msalani usiku ule wa kwanza. Ukikutana na daktari uso kwa uso angalia kama anarudia yale mliyokubaliana. Akianza kubadilisha, au ukiletewa daktari mwingine, bado unaweza kusema hapana, hata kama umelipa, hata kama umeshavaa gauni la hospitali. Fomu ya kukubali upasuaji iwe kwa lugha unayosoma, na mkalimani asiwe yule anayelipwa kamisheni kwa wewe kupasuliwa.

Waambie pia kwamba unatoka kwenye nchi ya malaria. Ukipata homa siku ya tatu kule hakuna atakayeiwaza wa kwanza.

Baada ya upasuaji utaamka na kibao kigumu juu ya pua na vitu vya silikoni ndani, unapumua kwa mdomo, koo limekauka. Maumivu kwangu yalikuwa madogo kuliko nilivyoogopa, karaha ndo kubwa. Macho yanavimba zaidi siku ya pili na ya tatu. Lala kichwa juu, mito mitatu. Barafu weka mashavuni na kuzunguka macho, sio juu ya pua. Usipenge. Ukipiga chafya fungua mdomo. Maji ya chumvi ya kusafishia kama walivyokuelekeza. Supu ya dengu yao, mercimek, nilikunywa mpaka nikaichukia. Tembea ndani ya chumba kila baada ya muda ili damu isigande miguuni.

Rudi hospitali usiku huohuo, bila kungoja asubuhi, kama damu haikatiki, kama una homa kali, kama macho hayaoni vizuri, kama kichwa kinauma vibaya na maji mepesi yasiyo na rangi yanachuruzika puani bila kukoma, kama mguu mmoja umevimba na unauma au pumzi imekata.

Kibao kinatolewa kama siku ya saba. Jiandae. Mimi nilijiangalia nikalia, ncha imetazama juu kama ya nguruwe, pua kubwa kuliko niliyokwenda nayo. Daktari hakushtuka, akaniambia kila mtu mwenye ngozi nene analia siku ya saba. Usiweke tiketi ya siku hiyo. Kaa siku kumi mpaka kumi na mbili, akuone tena baada ya kibao kutoka, ndo upande ndege. Kabla ya kuondoka chukua epikriz, yaani muhtasari wa hospitali wa walichokufanyia, pamoja na ripoti ya upasuaji yenyewe, kwa Kiingereza, na orodha ya dawa. Beba pia barua yenye muhuri, maana eapoti picha ya pasipoti na uso wako vitakuwa haviongei lugha moja. Kwenye ndege kunywa maji, tembea, nyunyiza maji ya chumvi, hewa ya mle ni kavu.

Hatua ya 8: umerudi

Yule bingwa wa pua wa nyumbani uliyemuona mwanzo, mpelekee makaratasi ndani ya wiki ya kwanza. Madaktari wengine hawapendi kushika kazi ya mwenzao, ndo maana nilisema uwe umeshajuana naye kabla.

Homa ikija ndani ya wiki hizo usikimbilie mseto kwa mazoea. Pima malaria, ndio, ila pua nayo ichunguzwe, kwa sababu tuna tabia ya kuita kila homa malaria na maambukizi ya gegedu hayasubiri dozi ya siku tatu iishe.

Jua la Dar ni kali, kovu changa likipigwa jua linabaki jeusi, kwaiyo kofia na losheni ya jua. Miwani isikae juu ya pua wiki sita hivi. Kuogelea subiri ruhusa. Uvimbe wa ncha ukichelewa daktari anaweza kuchoma sindano ya steroidi kidogokidogo, lakini daktari, sio dada wa saluni mwenye fila, fila puani ikiingia kwenye mshipa inaweza kukupofua jicho.

Watu watasema. Shangazi yangu aliniangalia sebuleni muda mrefu akauliza pua ya marehemu babu nimeipeleka wapi. Nikamwambia ipo, imevimba tu.

Piga picha kila mwezi palepale ukutani, mwanga uleule, mbali ileile, na umtumie daktari ya mwezi wa 1, wa 3, wa 6 na wa 12. Kabla ya mwezi wa 12 usiamue kwamba imeharibika wala kwamba imepatia, na kama unahitaji kurudia, tafuta maoni ya daktari wa pili asiyejua wa kwanza ni nani. Yangu ya mwezi wa 12 nilimtumia Jumatatu, akajibu Jumatano kwa sauti, mkalimani akatafsiri: mgongo umekaa, tundu la kushoto liko chini kidogo kuliko la kulia na yeye analiona, ncha bado ina uvimbe, nimtumie tena baada ya miezi sita.